Hedseti Haijaharibika: Namna ya Kupata Maiki na Sauti Safi Unapocheza Gemu kwenye Kompyuta

Usiku ule tulikuwa wanne kwenye Counter-Strike 2: wawili Dar es Salaam, mmoja Mwanza, na binamu yangu aliyeko Muscat. Nilikuwa nimevaa hedseti mpya ya Bluetooth ambayo tangu mchana ilikuwa inanipigia muziki kwa sauti nene, safi. Nilipoingia tu kwenye chumba cha maongezi cha Discord, mambo yakageuka. Milio ya gemu ikasinyaa, ikawa kama redio iliyofunikwa blanketi. Nyayo za adui, ambazo muda mfupi kabla nilizisikia zikipanda kutoka kushoto, sasa zilikuwa katikati ya kichwa changu, hazina kushoto wala kulia. Nikawaambia wenzangu, "Sisi tuko nyuma ya ukuta." Binamu akauliza, "Fisi gani?"

Asubuhi yake nilikuwa nimekwisha kuirudisha hedseti kwenye boksi, risiti juu, tayari kwenda kubishana na muuzaji. Kabla ya kutoka nikaiunganisha na simu, nikasikiliza wimbo mmoja. Sauti ilikuwa nzuri kama ya jana mchana. Hedseti ilikuwa nzima kabisa. Kilichoivuruga ni namna Bluetooth inavyofanya kazi pale maiki inapofunguliwa.

Tangu hapo nimekaa na ndugu na marafiki wengi wenye shida hiyohiyo, na wengi walikuwa wameshatoa hela pasipohitajika. Mmoja alinunua hedseti ya pili, ya bei kubwa zaidi, akapata matokeo yaleyale. Mwingine aliifuta Windows yote na kuiweka upya. Inaniuma kuona mtu anateketeza akiba yake kwa jambo linalomalizwa kwa dakika kumi za kubofya, ndiyo maana nimeliandika hapa hatua kwa hatua.

Vitufe na menyu nitavitaja kama vinavyoonekana kwenye Windows ya Kiingereza, maana ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi tunazotumia.

Kwa nini sauti inaharibika maiki ikifunguliwa

Usiruke sehemu hii. Ukiielewa, nusu ya mwongozo utaweza kuukisia mwenyewe.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kubeba sauti. Ya kwanza inaitwa A2DP. Ni pana, lakini ni ya kwenda tu: inatoa sauti kwenye kompyuta na kuileta masikioni mwako, kushoto mbali na kulia mbali, kwa ubora unaotosha muziki. Haina nafasi ya kurudisha sauti yako. Ya pili inaitwa HFP, na ilibuniwa kwa ajili ya kupiga simu bila kushika simu mkononi, hasa ndani ya gari. Hiyo inakwenda na kurudi, ila ni nyembamba mno, na inabeba mkondo mmoja tu wa sauti. Kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja.

Wembamba wenyewe unapimika. Sauti ya kidijitali hupimwa mara nyingi kwa kila sekunde. CD ya muziki hupimwa mara 44,100. HFP ya zamani hupimwa mara 8,000 tu, na toleo lililokuja mwaka 2011 liliongeza hadi 16,000. Sasa, mlio mwembamba kuliko yote unaoweza kubebwa ni nusu ya namba hiyo. Kwa hiyo njia ya zamani inaishia hezi 4,000 na hiyo nyingine hezi 8,000, wakati sikio la kijana linafika karibu hezi 20,000. Kinachokatwa hapo juu ndicho kinachotenganisha "s" na "f". Ndiyo maana "sisi" wangu alifika Muscat akiwa "fisi".

Kompyuta haitumii njia zote mbili kwa pamoja kwenye hedseti moja. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedseti, sauti yote inahamia njia nyembamba: ya gemu, ya muziki na ya wenzako. Nimesema programu yoyote, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Unaweza kuwa hujasema neno, lakini gemu lenyewe limefungua maiki kimyakimya kwa ajili ya maongezi ya timu. Hata ukijizima kwenye Discord, mara nyingi laini inabaki wazi.

Windows 10 inaionyesha hedseti moja kama vifaa viwili, kimoja kikiwa na neno "Stereo" na kingine "Hands-Free". Windows 11 imeviunganisha viwe kimoja, hivyo mabadiliko yanatokea bila wewe kuona chochote kwenye skrini. Unasikia tu.

Na yale maandishi ya kung'aa kwenye boksi, aptX au LDAC, yanahusu njia ya kusikilizia tu. Maiki hayaigusi.

Jisikilize kwanza

Usianze kubadilisha mipangilio kabla ya kipimo hiki. Kinakuonyesha kama shida iko kwenye unachosikia, kwenye wanachosikia wenzako, au kote.

1. Jaza chaji ya hedseti, kisha zima Bluetooth ya simu yako. Hedseti nyingi hushikana na vifaa viwili kwa pamoja, na ujumbe mmoja wa WhatsApp kwenye simu unaweza kuinyang'anya kompyuta.
2. Cheza wimbo unaoujua vizuri kwenye kompyuta, hakuna gemu wala Discord iliyofunguliwa. Ukisikika vizuri, upande wa kusikilizia hauna neno.
3. Wimbo ukiendelea, fungua "Sound Recorder" ya Windows 11, au "Voice Recorder" kwenye Windows 10, uchague maiki ya hedseti na uanze kurekodi. Sikiliza wimbo. Ukisinyaa papo hapo, umeishuhudia njia pana ikifungwa.
4. Zima wimbo, rekodi tena. Sema kwa sauti ya kawaida: "Sisi sote tuliona fisi sita, si fisi saba." Kisha: "Baba alimpikia babu papa." Halafu kaa kimya sekunde tano.
5. Sikiliza rekodi hiyo kwa spika za kompyuta au kwa simu, usiisikilize kwa hedseti yenyewe.

Sentensi ya fisi inapima wembamba: usipoweza kutofautisha "sisi" na "fisi", uko kwenye njia ya simu. Sentensi ya papa inapima pumzi: ukisikia vishindo kila penye "b" na "p", maiki iko mbele ya mdomo. Zile sekunde tano za kimya zinakuonyesha wenzako wanavumilia nini: pangaboi, mlio wa feni ya laptopu, jirani na redio yake.

Rekodi hiyo usiifute. Utailinganisha na utakayorekodi mwishoni.

KISANDUKU: DALILI NA PA KUANZIA

Sauti nzuri, kisha inasinyaa ukiingia kwenye maongezi: soma "Dawa kuu".
Gemu linanyamaza kabisa lakini wenzako unawasikia: soma "Dawa kuu", hatua ya 4 na ya 6.
Sauti inakatikakatika, hasa ukigeuka au ukihamisha faili: soma "Inapokatikakatika".
Wewe unasikia vizuri, wao wanalalamika: soma "Wenzako wanapolalamika".
Hakuna anayekusikia: soma "Maiki ikiwa bubu".

Dawa kuu: ipe hedseti kazi moja tu

Hedseti ya Bluetooth iachie kazi ya kusikilizia peke yake. Maiki itafute kwingine. Ukifanya hivyo, njia pana haifungwi kamwe, na nyayo zinarudi kushoto na kulia.

Maiki nyingine labda unayo tayari. Laptopu ina ya kwake juu ya skrini. Zile spika za masikioni za waya zilizokuja na simu zamani nazo zina maiki, na kwa maongezi ya gemu inaishinda kwa mbali maiki ya hedseti iliyo kwenye njia ya simu. Mimi nilitumia hiyo kwa miezi kadhaa: nilichomeka pini kwenye laptopu, nikaubana waya kwenye ukosi wa fulana kwa kibanio cha nguo, maiki ikakaa chini kidogo ya kidevu. Vile vya masikioni vilining'inia tu. Hela iliyotumika ni sifuri.

Angalia pini yenyewe. Yenye maiki ina mistari mitatu inayoigawa vipande vinne. Yenye mistari miwili haina maiki. Laptopu nyingi zina tundu moja linalopokea pini hiyo moja kwa moja. Kompyuta ya mezani kwa kawaida ina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki, na hapo utahitaji kile kiwaya kifupi kinachoigawa pini moja iwe mbili. Maiki ya USB haihitaji hayo yote, unachomeka tu.

Hatua zenyewe:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Kinafunguka kidirisha cha zamani cha sauti. Kipo kwenye Windows 10 na 11, nami nakipendelea kwa sababu kinaonyesha kila kitu mahali pamoja.
2. Nenda "Recording". Bofya kwa kitufe cha kulia maiki unayotaka kutumia, chagua "Set as Default Device", kisha rudia na uchague "Set as Default Communication Device". Ni vitu viwili tofauti. Cha pili ndicho kinachotumiwa na programu nyingi za maongezi.
3. Hapohapo, bofya kwa kitufe cha kulia maiki ya hedseti, chagua "Disable". Sasa hakuna programu inayoweza kuifungua kwa siri.
4. Nenda "Playback". Hedseti iwe chaguo la kwanza kwa yote mawili. Kwenye Windows 10 chagua ile yenye neno "Stereo", na ile ya "Hands-Free" uizime.
5. Nenda "Communications". Windows yenyewe imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapohisi kuna mazungumzo. Weka "Do nothing". Wengi wamelaumu hedseti kwa kosa la mstari huu mmoja.
6. Fungua Discord, mipangilio, "Voice & Video". Chagua maiki kwa jina lake na hedseti kwa jina lake. Usiache neno "Default", maana linaweza kubadilika unapochomeka kitu kipya. Kwenye Windows 10 hakikisha Discord haitoi sauti kwa "Hands-Free"; hilo ndilo linalolifanya gemu linyamaze ghafla mwenzako anapoongea.
7. Fanya hivyohivyo kwenye gemu lenyewe, na kwenye Steam sehemu ya "Voice".
8. Funga kila kitu, tenganisha hedseti, iunganishe upya, rudia kipimo cha wimbo, safari hii ukirekodi kwa maiki hiyo nyingine.

Ikiwa sauti bado inasinyaa, fungua "Devices and Printers", ambayo kwenye Windows 11 unaifikia kupitia "Bluetooth & devices", "Devices", kisha "More devices and printer settings". Bofya hedseti kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Services", uondoe tiki penye "Handsfree Telephony". Hapo njia ya simu imefungwa kabisa.

TAHADHARI: ukishaondoa tiki hiyo, maiki ya hedseti itatoweka kwenye orodha zote, na hata kwenye mkutano wa kazini au darasa la mtandaoni haitaonekana. Haijafa. Rudisha tiki, nayo itarudi.

Kama ni lazima utumie maiki ya hedseti

Wapo wasio na namna. Labda unacheza mbali na meza, labda chumba kina watu na maiki ya laptopu inaokota kila kitu. Hapo zipo njia tatu, na nazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza ni waya. Ndiyo, kwenye hedseti isiyo na waya. Nyingi zina tundu la pini, na baadhi hupeleka sauti na maiki kupitia waya wa USB. Si zote, waya wa USB wa hedseti nyingine ni wa chaji tu. Jaribu: chomeka, kisha uangalie kama kimetokea kifaa kipya kwenye "Recording".

Ya pili ni hedseti yenye kipokezi chake, kile kidude cha USB kinachokuja nayo kwenye boksi. Hiki hakitumii njia za Bluetooth nilizozieleza. Kina mawasiliano yake kwenye bendi ya GHz 2.4, yanayobeba sauti ya kushoto na kulia pamoja na maiki kwa wakati mmoja. Faida yake nyingine ni kasi. Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji huo huweza kupita milisekunde 100. Gemu linaloonyesha picha 60 kwa sekunde limeshapiga picha sita kabla hujasikia risasi. Kwa mpira si tatizo kubwa; kwa gemu la bunduki ni kufa kabla ya kusikia.

Hedseti nyingi za aina hii zina Bluetooth pia. Nimemkuta kijana mwenye hedseti nzuri ya kipokezi akiitumia kwa Bluetooth mwaka mzima, kipokezi kikiwa bado kwenye kijimfuko chake cha nailoni ndani ya boksi. Kachungulie boksi lako.

Ya tatu ni LE Audio, kizazi kipya cha sauti ya Bluetooth kilichotangazwa mwaka 2020. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba Windows 11 sasa inaweza kuendelea kutoa sauti ya kushoto na kulia hata maiki ikiwa wazi, kwa kutumia LE Audio. Ila hedseti iwe nayo, na redio ya Bluetooth ya kompyuta iwe nayo, pamoja na viendeshi vyake. Kuwa na Bluetooth 5.2 au 5.3 hakutoshi, namba hiyo haikuhakikishii LE Audio. Ukifungua "Bluetooth & devices", kisha "Devices", ukakuta kitufe cha "Use LE Audio when available", kompyuta yako inaiweza. Usipokiona, usinunue hedseti kwa sababu ya maneno hayo.

Inapokatikakatika

Hili ni tatizo jingine kabisa, na mara nyingi chanzo chake ni msongamano wa redio. Bendi ya GHz 2.4 inatumiwa na Bluetooth, Wi-Fi, kipanya na kibodi zisizo na waya, na oveni ya maikrowevu. Bluetooth hujitetea kwa kurukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde, lakini chumba kikijaa, pa kurukia panakwisha.

Adui asiyetiliwa shaka ni USB 3. Mwaka 2012 Intel ilitoa waraka wa kiufundi ulioonyesha kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele za redio zinazoangukia hapohapo kwenye bendi ya GHz 2.4. Kwa lugha ya mezani: ukichomeka kipokezi cha hedseti kwenye tundu la bluu, na ubavuni pake kuna diski ya nje inayohamisha faili, umekiweka kipokezi hicho karibu na mashine ya kusaga na kukiambia kisikilize mnong'ono.

1. Hamisha kipokezi kwenye tundu la USB 2, kwa kawaida lenye ulimi mweusi au mweupe.
2. Kama kompyuta ya mezani iko chini ya meza, usikichomeke nyuma, ambako bati na miguu yako vitakiziba. Tumia waya wa kurefushia USB, hata wa mita moja, ukilaze kipokezi juu ya meza mahali kinapoiona hedseti. Waya huo ni wa bei ya chini, na kwa uzoefu wangu unatibu zaidi kuliko kitu kingine chochote katika sehemu hii.
3. Ondoa diski ya nje au flashi unapocheza.
4. Hamishia kompyuta kwenye Wi-Fi ya GHz 5 kama ruta inayo, au tumia waya wa mtandao. Kwenye laptopu, Wi-Fi na Bluetooth kwa kawaida hukaa kwenye kadi moja na kugawana antena, kwa hiyo hatua hii inazisaidia zote mbili. Ruta ikiwa na GHz 2.4 tu, jaribu kubadilisha chaneli kati ya 1, 6 na 11.
5. Fungua "Device Manager", tafuta kila "USB Root Hub", "Properties", "Power Management", uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme.
6. Angalia chaji. Hedseti yenye betri iliyochoka inaweza kukatika kabla haijakuonya.

Fanya hatua moja, jaribu, ndipo uende inayofuata. Ukifanya zote kwa mpigo hutajua iliyokuponya, na siku shida ikirudi utaanza upya.

Wenzako wanapolalamika

Rudi kwenye rekodi yako. Kama "sisi" inasikika safi lakini kuna uchafu mwingine, shida haipo tena kwenye Bluetooth. Iko kwenye nafasi, kiwango au vichujio.

Nafasi: maiki ya kijiti ikae upana wa vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, chini kidogo, isiwe mbele ya pumzi. Kama ina kisponji, kiache. Pangaboi lililo juu ya kichwa linapuliza moja kwa moja kwenye maiki. Sogeza kiti kabla ya kugusa mipangilio.

Kiwango: kwenye "Recording", bofya maiki mara mbili, kisha "Levels". Anzia 80. Ongea kwa sauti ile unayotumia mchezo ukichacha, maana hapo ndipo watu hupaza sauti. Rekodi ikiwa na mikwaruzo penye kelele, punguza. Ikiwa ndogo, sogeza maiki kwanza, kisha ndipo uongeze namba.

Vichujio: Discord ina kichujio cha kelele kiitwacho Krisp, na programu ya hedseti inaweza kuwa na cha kwake. Vyote viwili vikifanya kazi pamoja, kila kimoja kinakata alichobakiza mwenzake, na sauti yako inakuwa kama ya mtu anayeongea akiwa majini, na mwisho wa maneno unamezwa. Acha kimoja tu. Kama maneno ya mwanzo ndiyo yanayoliwa, angalia "Input Sensitivity": iteremshe mpaka maiki ifunguke kwa sauti yako ya chini, au tumia kitufe cha kubonyeza unapoongea.

Wenzako wakijisikia wenyewe wakirudi, sauti yao inavuja kutoka kwenye hedseti yako na kuingia kwenye maiki. Punguza sauti, na uwashe "Echo Cancellation".

Ikiwa umetumia maiki ya pini na kuna mvumo usiokoma, chomoa chaja ya laptopu kwa dakika moja. Mvumo ukikata, huenda chaja au waya wa kurefushia umeme hauna ethi. Badilisha soketi au waya huo. Maiki haina kosa.

Maiki ikiwa bubu

Pitia haya kwa mpangilio, kutoka jepesi.

1. Kitufe cha kuzima maiki kwenye hedseti. Aina nyingi hujizima zenyewe ukikipandisha kijiti juu.
2. "Privacy & security", "Microphone". Ruhusa zote tatu ziwe wazi, hasa ile ya mwisho: "Let desktop apps access your microphone". Gemu na Discord ziko kwenye kundi hilo.
3. Jina la kifaa kwenye Discord na kwenye gemu, kama tulivyoona.
4. Kiendeshi na programu ya ndani ya hedseti. Chukua kutoka tovuti ya mtengenezaji, na usasishe ukiwa umechomeka waya na chaji ipo. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo unaweza kuiua hedseti kweli, kwa hiyo kama mtaa wenu umeme unacheza, tumia laptopu yenye betri.

TAHADHARI: epuka programu za bure zinazodai kusasisha viendeshi vyote kwa mpigo. Nimeona zikileta matangazo na kiendeshi kisichohusika, na kazi ya kuviondoa ikachukua siku nzima.

Kabla hujanunua nyingine

☐ Je, nimejaribu hedseti hii na maiki ya pembeni?
☐ Je, ninayotaka kununua ina kipokezi chake cha USB ndani ya boksi, au ni Bluetooth tupu?
☐ Kipokezi hicho kinaingia kwenye tundu la kompyuta yangu, la mstatili au lile dogo la duaradufu la USB-C?
☐ Ina tundu la pini kwa siku betri ikizimika?
☐ Muuzaji ananiruhusu nirekodi sentensi mbili dukani kwa laptopu yangu?

Hilo la mwisho liulize bila haya. Ukiijaribu kwa kusikiliza wimbo tu umeuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu wimbo haujawahi kuwa shida ya hedseti hizi.

Na zipo hedseti mbovu kweli. Utaijua kwa njia hii: kasoro ileile inatokea kwenye kompyuta yako, kwenye kompyuta ya rafiki na kwenye simu, kwa waya na bila waya. Sikio moja limekufa kote, au maiki inakoroma kote. Hapo usiendelee kuhangaika na mipangilio. Chukua risiti na boksi kabla muda wa dhamana haujapita, uhifadhi zile rekodi kwenye simu, na ukifika dukani mwekee muuzaji ile ya fisi sita aisikilize mwenyewe.